Kuruka Juu, Kutua Nje ya Ngoma

Niseme mapema ili tusipotezeane wakati: sina shida na vijana wanaoruka juu. Shida yangu ni kwamba siku hizi, isukuti ikipanda jukwaani, kuruka juu kumekuwa kipimo cha kila kitu. Kundi likipaa, ukumbi unalipuka, simu zinainuliwa, na ukitoka nje hiyo ndiyo story kila mtu anapiga. Kundi likitua vizuri, hakuna anayesema kitu. Na isukuti, vile ninavyoielewa, ni mchezo wa kutua.

Kwa wale mnaoijua kutoka uwanjani pekee, pale mashabiki wa AFC Leopards wanapoamsha jukwaa zima hata timu ikiwa imelala, hebu twende nyumbani kwake kidogo. Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Mukumu iko Isukha, kusini mwa mji wa Kakamega, karibu na Khayega. Wageni wengi wanapajua kwa misheni ya Kikatoliki na shule zake. Lakini kaa huko wikendi moja na utasikia kinachopita barabarani: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ambazo wengi huziita baba, mama na mtoto. Wapigaji wanazibeba na kuzipiga kwa mikono huku wakitembea. Kuna pembe ya swala, kuna njuga za chuma, kuna mwimbishaji anayewaongoza, wanaume mstari wao, wanawake mstari wao. Inachezwa mtoto akizaliwa, wavulana wakitahiriwa, watu wakioana, mzee akizikwa, mafahali wakienda kupigana. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Orodha hiyo si ya sifa. Ni kama kulazwa hospitali.

Shikilia jambo moja hapo: isukuti ni mchezo unaotembea. Hauanzi pazia likifunguliwa na kwisha baada ya dakika nane. Unatoka boma moja hadi lingine, unapanda kilima, unazunguka uwanja, unaweza kukesha. Mtu anayejua ataanza nao asubuhi na jioni bado mabega yake yanaongea. Kwa hivyo mruko wake umepimwa kwa safari hiyo. Ni mdogo, uko karibu na ardhi, na unarudi haraka kwa sababu mguu mwingine unangojea zamu. Mzee wa Mukumu akiruka, pengine karatasi tu ndiyo ingepita chini ya kiatu chake. Lakini atue kabla ya ngoma ndogo au baada yake? Haiwezekani. Utafikiri kano za mguu wake zimefungwa kwenye ngozi ya ngoma.

Sasa njoo jukwaani. Kuna kundi moja la vijana nililolitazama, na sitalitaja kwa jina kwa sababu nimeona jambo hilo hilo kwa makundi mengi. Walianza vizuri mno. Waliingia kwa kutembea, ngoma mbele, mwimbishaji akitupa mstari na wengine wakiudaka, mabega yakichemka. Nikasema moyoni, hawa wamefunzwa. Halafu katikati, ngoma zikapunguzwa sauti, mistari ikafunguka, na wavulana saba wakaja mbele. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya miruko. Walisimama wima, mikono imebanwa mbavuni, shingo ndefu, wakaruka mmoja mmoja, kisha wote pamoja. Watu walipiga mayowe.

Mimi nilifumba macho. Isukuti nzuri unaweza kuendelea kuiona ukiwa umefumba macho, kwa sababu miguu inakuambia kila kitu. Nilichosikia ni ngoma ndogo ikienda zake na vishindo vikienda zao. Miguu kumi na minne ilianguka kama viazi vikimwagwa kutoka kwa gunia. Mpigaji wa ngoma ndogo alijaribu kuwafuata. Alichelewesha kidogo, akaharakisha, kisha akaamua kupiga kwa nguvu tu ili kelele ifunike pengo. Na pembeni, kwenye mstari wa wanawake, kulikuwa na msichana mmoja ambaye hakuna simu iliyomwelekea. Aliruka kama shubiri moja. Alitua juu ya pigo, kila mara, bila kishindo. Yeye peke yake ndiye alikuwa bado anacheza isukuti.

Huenda utasema huo ni ushamba wangu, ati napenda vya kale. Basi tuache mapenzi, tupige hesabu. Mvutano wa dunia hauna upendeleo wala hausomi katiba ya tamasha. Ukiruka wima na kutua palipo pale, muda utakaokaa hewani unaamuliwa na kimo ulichofika tu. Ukipanda sentimita 31, utakuwa hewani kwa nusu sekunde. Ukipanda sentimita 50, utakaa sekunde 0.64 hivi. Ukitaka kukaa hewani sekunde nzima, lazima mwili wako upande zaidi ya mita 1.2, na hapo tunaongea kuhusu watu wachache sana duniani, kama wapo.

Chukua ngoma inayopiga mapigo 120 kwa dakika. Kutoka pigo hadi pigo ni nusu sekunde. Kwa hivyo ukitaka kuondoka kwa pigo moja na kutua kwa linalofuata, kimo chako kimeshaamuliwa: sentimita 31. Si chaguo lako wala la mwalimu wako. Ngoma ikipamba moto ikafika mapigo 140, kimo hicho kinashuka hadi sentimita 22 hivi. Shubiri moja. Yule msichana wa pembeni hakuwa mvivu. Alikuwa anatii ngoma iliyokuwa imechangamka, na mwili wake ulishafanya hesabu ambayo mimi nahitaji kalamu kuifanya. Wale wavulana wa sentimita 50 walikuwa wanahitaji ngoma ishuke hadi mapigo 94 kwa dakika ndipo mruko wao uingie ndani ya pigo moja. Hakuna aliyemwambia mpigaji. Pengine hakuna aliyekumbuka kwamba yupo.

Njia nyingine ipo, na hapa ndipo mazungumzo ya kuboresha mruko yanapaswa kuanzia. Unaweza kuchukua mapigo mawili badala ya moja. Kwa mapigo 120 unapata sekunde nzima. Ukipanda sentimita 50, umetumia sekunde 0.64 hewani, na zimebaki 0.36 za kutua, kukunja goti na kuondoka tena. Hizo 0.36 ndizo mtihani wenyewe. Anayetua kwa kishindo, akayumba, akajipanga, akavuta pumzi, ameshapoteza pigo. Anayetua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, akaruhusu kisigino kishuke, kifundo na goti vikipokea uzito kwa pamoja, goti likielekea kule vidole vinakoelekea, huyo ana kitu cha kutumia. Kano ile ngumu ya nyuma ya kifundo inajivuta kama mpira wa manati, na ukiondoka mara moja inakurudishia sehemu ya nguvu uliyoipa. Ukingoja, nguvu hiyo inapotea na inabidi msuli uanze kazi upya. Kwa maneno mengine, mruko wa pili unatengenezwa na kutua kwa mruko wa kwanza. Anayetaka kuruka juu zaidi afanye mazoezi ya kutua kimya.

Sasa, ile picha ya wavulana wima, mikono mbavuni, shingo ndefu, imetoka wapi? Nyote mnajua. Hiyo ni adumu ya Wamaasai, au tuseme kivuli chake. Na adumu ni kitu kizuri, kina sheria zake, na sheria hizo zinaeleza kwa nini kinaweza kwenda juu hivyo. Kule hakuna ngoma. Kuna koo. Wenzake wanamwimbia anayeruka, na sauti zao zinapanda kadiri anavyopanda. Sauti ya binadamu inaweza kungoja, inaweza kujivuta, inaweza kumpokea mtu anaporudi chini. Halafu anaingia mmoja au wawili, wanaruka mara chache na kuwapisha wengine, visigino haviguswi chini, mwili umenyooka kama mkuki. Kila kitu pale kimejengwa ili kimo kiwezekane. Ng'oa mruko huo, upande ndani ya ngoma tatu zinazokimbia, na umewadhulumu Wamaasai na Waisukha kwa pamoja. Mmoja umemnyang'anya sauti zinazomngoja, mwingine umemletea mgeni asiyesikia lugha ya nyumbani.

Nikiulizwa nani alifunga ndoa hii, nitajibu: kamera. Picha haina ngoma. Kwenye picha, mtu aliye juu ya nyasi kwa sentimita 50 ni shujaa, na mtu aliyetua juu ya pigo ni mtu amesimama tu. Kwa miaka mingi picha ya mwanamume wa Kimaasai akiwa hewani imetumika kuuza Kenya, hadi wengi wetu tukaamini kwamba kucheza Kiafrika ni kuruka. Kisha TikTok ikaja na kumalizia kazi. Klipu ya sekunde 15, mruko umepunguzwa kasi, na juu yake umewekwa wimbo wa amapiano. Angalia kilichotokea hapo: mwendo umepunguzwa, kwa hivyo pigo limekufa, sauti imebadilishwa, kwa hivyo ngoma imezikwa. Kimebaki kimo. Kijana wa miaka kumi na sita anayejifunza kwa kutazama klipu hiyo hajakosea akidhani kimo ndicho mchezo. Ndicho kitu pekee alichoonyeshwa.

Watetezi wa mruko mrefu huwa wananiletea baleti. Sawa, tuongee baleti. Mwaka 1911 Vaslav Nijinsky alicheza Le Spectre de la rose, na mwisho wake anatoka kwa kuruka dirishani. Mruko huo ulisimuliwa na kusimuliwa hadi ukawa hadithi, kana kwamba mtu yule alipaa na kusahau kurudi. Lakini hata yeye hakuwa na leseni ya kuvunja fizikia. Mtu yeyote akiruka, nusu ya muda wake wa hewani anautumia kwenye robo ya juu ya mruko, kwa sababu hapo kasi yake inapungua hadi sufuri kabla ya kugeuka. Ndiyo maana anaonekana kuning'inia. Mcheza baleti anaongeza ujanja juu yake: akikaribia kilele anainua mikono na kufungua miguu, kwa hivyo kitovu cha uzito kinapanda na kushuka kama kawaida lakini kichwa kinabaki karibu usawa mmoja, na jicho letu linadanganyika. Hiyo ni ufundi, nakubali kabisa. Nakubali pia kwamba vijana wetu wanauweza: Joel Kioko alitoka Nairobi akaenda kusomea baleti London, katika shule ya English National Ballet.

Lakini angalia nani yuko mbele ya okestra. Ni kiongozi wa muziki, na kiongozi mzuri wa baleti hana macho ya noti pekee; anamtazama mchezaji. Akiona anapaa, anaweza kuuvuta muziki kidogo, ampokee akishuka. Yaani hata huko tunakokimbilia mifano ya kimo, mruko ni makubaliano ya watu wawili, anayepiga na anayeruka. Sisi tumenunua kimo na kuacha makubaliano dukani.

Kwa hivyo, mwalimu wa kundi la shule ukiniuliza nifanye nini ili miruko ya vijana wangu iwe bora, sitakuambia uwapeleke gym kwanza. Nitakuambia uwaite wapigaji. Mazoezi mengi siku hizi yanafanyika na spika: ngoma zimerekodiwa kwa simu, kundi linaruka kwa rekodi hiyo wiki tatu, halafu wapigaji wanaletwa siku ya mwisho kama mapambo. Rekodi haimngoji mtu na haimwoni mtu. Anayeifuata anajifunza kutazama mwenzake aliye mbele, si kusikia. Weka ngoma ndogo katikati ya duara tangu siku ya kwanza. Wacha mpigaji aone magoti. Wacha anayeruka ajue kwamba akitaka pigo lipungue, kuna ishara ya bega au ya pembe ya kuomba hivyo, na akikataliwa, ashuke.

Pili, anzia chini. Ruka kidogo, sentimita kumi, mara nyingi, bila sauti ya mguu. Mwenye kishindo aongezewe utulivu kabla ya kuongezewa kimo. Kisha shubiri. Kisha ndipo mwenye nguvu aende kwa mapigo mawili. Mikono isibanwe mbavuni bila sababu. Mikono inayopanda pamoja na mwili inasaidia kuubeba, na katika isukuti mabega tayari yako kazini, kwa hivyo bega ndilo lianze na mguu ufuate. Tatu, angalia mnarukia wapi. Nyasi za Mukumu baada ya mvua ya alasiri zinasamehe. Saruji ya ukumbi wa shule haisamehi. Kila kutua kunaurudishia mguu mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa, na mvulana wa miaka kumi na tano akirushwa juu ya saruji saa mbili kila jioni, atapata kikombe na maumivu ya muundi. Wenzetu wa baleti wanajenga sakafu yenye nafasi chini yake, inayobonyea kidogo. Sisi tukikosa hiyo, basi tutoke nje, tucheze juu ya udongo, tupumzike siku moja katikati.

Najua jibu linalokuja: utamaduni hubadilika, vijana wana haki ya kuubadilisha, na jukwaa si matanga. Nakubaliana na yote matatu. Jukwaa lina macho mia tano yaliyokaa mbali, na kinachosikika vizuri barabarani hupotea nyuma ya taa. Lazima kitu kikuzwe. Sisemi isukuti ibaki kama ilivyokuwa siku za babu. Babu mwenyewe aliibadilisha. Ninachosema ni kwamba mabadiliko yafanywe na mtu anayejua anachobadilisha. Ukitaka mruko wa sentimita 50 ndani ya isukuti, mzuri sana, utunge. Shusha ngoma hadi mapigo 94 na utuonyeshe inavyokuwa nzito, inavyobadilika kutoka sherehe hadi kilio. Au uache ngoma kubwa peke yake, mapigo mawili kwa kila mruko, ngoma ndogo inyamaze hadi miguu irudi. Hayo yangekuwa mawazo. Ningeyaandikia kurasa. Wavulana saba kuruka huku ngoma ikiwatafuta si wazo, ni pengo lililopigiwa makofi.

Na pengo hilo lina gharama. UNESCO ilipoiweka isukuti kwenye orodha ya hatari, moja ya sababu ilikuwa kwamba wengi wa wenye ujuzi ni wazee, na warithi ni wachache. Sisi mjini tukisoma hivyo tunafikiri kinachokosekana ni wachezaji, basi tunafurahi tukiona shule zimejaza jukwaa. Wachezaji wapo. Fikiria kinachotokea kundi likichaguliwa kwa kimo. Mvulana mwenye miguu ya chemchemi anawekwa mbele. Yule mwenye sikio anapewa ngoma ndogo na kuambiwa afuate. Mwaka unaofuata anagundua kwamba kazi yake inaweza kufanywa na spika, na walimu wake wanagundua pia, kwa sababu spika haihitaji nauli. Baada ya miaka kadhaa tutakuwa na maelfu wanaoweza kuruka kwa mavazi ya isukuti, na hatutakuwa na mtu wa kuwapigia. Ngoma ndogo, yule mtoto, ndiyo itakayonyamaza kwanza.

Kwa hivyo ombi langu kwa waamuzi, na kwa sisi watazamaji ambao ndio waamuzi wakubwa zaidi, ni dogo. Tupunguze mayowe watu wakiwa hewani. Mtu aliye hewani hajafanya kitu bado, amekopa tu. Tungoje atue. Akitua juu ya pigo, pamoja na wenzake, na ngoma ndogo isikike kana kwamba imepigwa na mguu wake, hapo sasa tupige mayowe hadi Khayega wasikie.